Fasi, Wenye Fasi, na Salon ya Kavumu

Ninyi mnaobaki kwenye atelier mliniomba niwaandikie namna kazi ilivyokuwa kabla ya ordinateur, yaani kompyuta, kuingia. Mliomba kwa heshima, na soda juu yake, kwa hiyo naandika. Vyeo naviruka, maana vyeo vilikuwa vitatu na sisi tulikuwa watu watatu, kila mmoja mkuu wa kitu fulani. Mishahara naiacha pia, kwa sababu nataka maandishi haya yawe ya furaha.

Kwa yule atakayeokota karatasi hizi bila kutujua, nieleze kwanza. Atelier yetu, yaani karakana, iko hapa Bukavu, nyuma ya ukumbi wa vijana, na kazi yake ni kubuni michezo ya safari. Watu watano au sita wanakaa kwenye meza. Mmoja, tunayemwita mwenye meza, anawaeleza wenzake mahali walipofika: hapa kuna daraja, ng'ambo kuna nyumba ya mlango wa bluu, moshi unatoka kwenye bati. Wale wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, mwindaji, mganga au mchuuzi wa chumvi, naye anasema mtu wake anafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litafaulu, wanarusha dadu. Hakuna haja ya umeme, na katika mji wetu hiyo ni sifa kubwa. Sisi tulikuwa tunabuni mahali penyewe na mambo yanayowangoja wachezaji humo, tunaviweka vyote kwenye sanduku la mbao, na sanduku linakwenda mashuleni, maparokiani na kwenye vituo vya vijana. Mahali pa kuchezea tulipaita fasi, kama kila mtu hapa anavyosema.

Nilifika nikitoka kufundisha shule ya msingi kule Bagira. Walinichukua kwa sababu ya mwandiko wangu. Michezo yenyewe sikuijua hata kidogo. Mkuu wa fasi alikuwa Papa Anselme, aliyefanya kazi ya géomètre, yaani mpima viwanja, mpaka akachoshwa na ugomvi wa mipaka ya watu. Alikuwa anasema ameamua kupima ardhi ambayo hakuna anayeigombania. Mkuu wa mbao alikuwa Mushagalusa, seremala mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Mimi nikawa mkuu wa maneno.

Asubuhi ya kwanza Papa Anselme alinipa karatasi, kalamu ya bic na latte, rula ndefu ya mbao, akaniambia nichore fasi yoyote. Nilitaka sana kumpendeza. Nikachora château, jumba la kifalme, juu ya kilima, yenye minara, gereza chini ya ardhi, na joka chini ya gereza. Nilipaka rangi mpaka mchana. Yeye aliichukua, akaivuta karibu na dirisha, akaiangalia muda mrefu.

"Maman Solange," akaniuliza, "mvua inapita wapi?"

"Mvua gani, Papa?"

"Mvua. Hii château yako iko ku mulima. Maji ya toiture inashuka wapi? Haukuweka hata caniveau ya kupitisha maji. Mvua ikinyesha ya kweli, hii yote itashuka mu ziwa, na joka yako ndani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichukua bic akanichorea mstari mmoja wa maji kutoka kwenye bati la château hadi bondeni, na kila mahali mstari ulipopita alitia nukta. Hapa kuna mtu anayepata matope ya château mlangoni mwake. Hapa kuna mama anayekinga maji hayo kwa ndoo na hataki yazibwe. Hapa pana ukuta ambao bwana wa château aliahidi kuujenga. Alipomaliza nilikuwa na watu, nilikuwa na ugomvi, nilikuwa na safari nzima mbele yangu, na joka lilikuwa halina kazi tena. Ninyi nyote mmezaliwa kwenye miteremko hii, jirani wa juu anawatumia matope na ninyi mnamtumia wa chini, kwa hiyo somo hili mnalo damuni. Lifanyieni kazi kabla ya kuchora mnara.

Somo la pili nililipata Nyangezi, na nililipata kwa aibu. Kanuni zetu za mwanzo zilitoka katika kitabu cha Kifaransa ambacho msafiri mmoja alikisahau ukumbini. Katika kitabu hicho wageni wanavunja mlango, wanamuua wanayemkuta, wanachukua mali, halafu wanaitwa mashujaa. Mimi nilifuata. Niliandika nyumba ya jitu, dhahabu chini ya kitanda, na jitu lenyewe limekwenda kuwinda ili mambo yawe rahisi. Tukapeleka sanduku kwenye darasa moja la Nyangezi, tukalijaribu na vijana wa pale. Wakafika kwenye nyumba ya jitu.

"Hodi," akasema wa kwanza.

"Hakuna anayeitika," nikajibu.

"Mwenye nyumba iko wapi?"

"Hayuko."

Wakaangaliana. "Basi, tutamungoja," akasema msichana aliyekuwa mkubwa wao, na wengine wakakubali bila mjadala.

Wakamngoja. Waliketi ukutani, katika mchezo, wakagawana chakula cha safari. Mmoja akasema anafagia uwanja, kwa kuwa ameona ni mchafu. Mwingine akaniuliza kama jitu lina mke, ili wamsalimie angalau huyo. Nikaleta mvua, nikidhani watakimbilia ndani. Wakasogea chini ya bati, wakabanana hapo. Mushagalusa, aliyekaa nyuma ya darasa, alikuwa ameinamisha kichwa kwenye deski na mabega yanamtikisika. Jioni ilipofika vijana walinishukuru sana, wakasema ni mchezo mzuri wa kupumzika, wakaniuliza yule bwana atarudi lini.

Nilirudi Bukavu nikiwa karibu kulia. Nilidhani kazi imenishinda. Papa Anselme alisikiliza habari yote akasema, "Batoto bako sawa. Utaingia namna gani ku nyumba ya mutu kama yeye haiko? Wewe njo haukuandika mwenye fasi." Tangu siku ile hatukutoa fasi isiyo na mwenyewe. Mwenye fasi awe na jina, tujue anapenda nini, anaogopa nini, anarudi nyumbani saa ngapi na kwa njia ipi. Lile jitu tulilirudisha kutoka kuwinda, likachechemea kwa sababu ya goti, likakuta wageni wamefagia uwanja wake na lenyewe halina hata kiti cha kuwapa. Linavyojitahidi kuficha aibu yake ndiyo safari nzima. Sanduku hilo liliombwa kuliko mengine yote, na dhahabu iliyo chini ya kitanda mpaka leo sijasikia mtu aliyeikumbuka.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuokoteza. Ramani tulizichora nyuma ya makartoni ya dawa na ya biskuti, maana karatasi nyembamba ilikunjika kwa unyevu. Dadu zilichongwa na Mushagalusa mwenyewe. Za kwanza alizichonga kwa mbao mbichi, zikakauka vibaya, zikawa zinaangukia sita karibu kila mara. Sisi tulidhani vijana wa Kavumu wamebarikiwa. Wao walikuwa wamegundua siku ya kwanza na wakanyamaza, kama ambavyo mimi pia ningenyamaza. Baada ya hapo Mushagalusa aliacha mbao zikae juu ya jiko la nyumbani kwake muda mrefu kabla ya kuzigusa, na kila dadu aliirusha mwenyewe mpaka mke wake akalalamika kelele.

Kuna kipindi watu wa ONG, yaani mashirika ya misaada, walitupenda. Walikuja na magari safi, wakataka kila fasi iwe na sensibilisation, yaani ujumbe wa kuelimisha watu. Tuliombwa tuandike joka linalonawa mikono kwa sabuni. Niliandika, nilikuwa mkuu wa maneno na mkuu hakatai. Vijana walicheza, wakalipenda lile joka, lakini wakatumia mchana mzima kutafuta ni nani aliyekuwa analiuzia sabuni. Mama mmoja wa ONG aliandika kwamba ujumbe umefika. Papa Anselme alisema ujumbe uliofika ni kwamba sabuni ina soko.

Nimetaja hayo ili mcheke kidogo, lakini kuna siku ya Lwiro ambayo nataka muichukue kwa makini. Tulikwenda huko, kwenye kituo cha utafiti, tukaonyeshwa rafu za chupa zenye wadudu na nyoka ndani ya maji ya dawa. Mimi niliandika kila jina nililosomewa. Papa Anselme hakuandika chochote, alikuwa anainama kunusa, anagusa mbao za rafu, anauliza chumba hiki kinapata jua saa ngapi. Wiki iliyofuata tulibuni nyumba ambayo kila chupa yake imefungiwa sauti ya mtu, na mchezaji anachagua afungue ipi. Majina yangu hayakusaidia kitu. Kilichowafanya vijana wavute viti karibu ni harufu na baridi ya rafu mkononi. Kila chumba kipeni kitu kimoja cha kugusa. Kimoja kinatosha.

Sasa nifike kwenye fasi ngumu kuliko zote tulizowahi kuchora. Haikuingia kwenye sanduku lolote, na hamtaiona kwenye kabati.

Jumamosi tulikuwa na meza yetu wenyewe, ya kujaribu michezo kabla haijatoka. Mchezaji wetu wa siku zote alikuwa Byamungu, ambaye alikuwa na kibanda cha fotokopi karibu na chuo. Alikuja Bukavu akiwa mdogo, na mama yake tu, kutoka upande wa Shabunda. Mama alikufa kabla hajamaliza shule. Upande wa baba hakuujua. Alikuwa na jina la baba na kijiji kimoja ambacho watu wake walikwisha kutawanyika. Kwenye meza alikuwa mtu wa kuaminika, anayebeba mizigo ya wenzake, anayekumbuka kulipa mvushaji wa mtumbwi. Kwenye meza hiyohiyo alimpata Nsimire, agronome, mtaalamu wa kilimo, kutoka Kavumu, msichana aliyehoji kila mlango kabla ya kuupita. Walipendana polepole sana. Sisi tuliobaki tulikuwa tumechoka kungoja.

Hatimaye Nsimire akasema kwao. Baba yake, Papa Birindwa, alijibu kwa ufupi: "Alete bantu yake. Kama hana bantu, asikuye." Mnajua hapa kwetu mtu haendi kuomba msichana peke yake. Anakwenda na wazee wake, na shangazi, na msemaji mmoja wa kuzungumza kwa niaba yake, na yeye mwenyewe anakaa kimya. Anayefika peke yake anaonekana amekimbia kitu mahali fulani.

Byamungu alituletea habari hiyo Jumamosi, huku akigeuza dadu moja vidoleni. Hakulia, lakini mimi nilitamani angelia, ingekuwa rahisi zaidi kwetu.

"Mimi nafahamu bazee fulani kule Kadutu," akasema Mushagalusa. "Banakodisha. Wanakuya na suti yao, wanasema wao ni batonton, wanaongea muzuri kabisa."

Byamungu akatikisa kichwa. "Hapana, Papa. Nikianza na baba ya kukodisha, nitamaliza na nini? Nsimire ananijua. Atasikia haya juu yangu mbele ya bazazi yake."

Papa Anselme alikuwa ananoa penseli. Akapuliza vumbi, akasema kana kwamba tunapanga sanduku la kawaida: "Tutaenda sisi. Lakini mimi siingiake ku fasi sijaichora. Nsimire, lete kwenu hapa."

Nsimire alisita kidogo, akauliza kama huko si kuiba. Halafu akajijibu mwenyewe kwamba ni kwao na anaweza kumwonyesha anayemtaka. Akachukua latte akatuchorea uwanja wa baba yake: njia inayotoka barabara kubwa, miti ya avoka, yaani parachichi, zizi, mlango wa mbele, salon ya kupokelea wageni, viti vya wazee, picha ya harusi ukutani, frigo isiyofanya kazi ambamo wanahifadhi hati za kiwanja. Nyuma akachora mraba mdogo akaandika jiko. Papa Anselme alimuuliza maji yanapita wapi, na Nsimire alijua. Nilimuuliza wenye fasi ni akina nani, akatupatia mmoja baada ya mwingine.

Kulikuwa na Tonton Cosmas, mjomba anayewasimamisha wageni mlangoni na kudai kinywaji cha barabara. Kulikuwa na Tonton Dieudonné, anayejifanya amelala katika kiti ili wageni wasahau kuchunga ulimi wao. Kulikuwa na shangazi ambaye angeleta msichana mwingine amefunikwa kitambaa na kuuliza, ndiye huyu? Mimi niliwaandika kama nilivyowahi kuandika majitu na majoka, kila mmoja na anachopenda na anachoogopa.

"Na huku jikoni?" nikauliza.

"Koko, mama ya papa. Lakini Koko hasemake ku mambo kama hii. Iko na bugali yake tu."

Nikauacha mraba wa jiko ukiwa mtupu.

Tulicheza salon ya Kavumu Jumamosi baada ya Jumamosi. Mushagalusa aliwacheza wajomba wote, na aliwacheza kwa ukatili. Byamungu alikuwa anafukuzwa hata kabla ya kupewa kiti. Mara amesalimia vibaya, mara ameketi chini ya picha ambapo hapakaliwi, mara dadu imemwangusha na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mkononi. Siku moja Patient, rafiki yake wa mezani tuliyepanga kwenda naye, alirusha dadu kuona kama Tonton Dieudonné amelala kweli, akapata moja, akaamini amelala, akamsema vibaya mzee wa watu masikioni mwake. Nsimire alicheka mpaka akatoka nje. Hata hivyo kila wiki tulifika mbali zaidi. Papa Anselme, msemaji wetu, alijifunza kupokea tusi la Tonton Cosmas na kulirudisha likiwa limekuwa utani. Byamungu alijifunza kunyamaza bila kuonekana anaogopa. Nikiwaangalia niliona kwamba anaogopa bado, na sana.

Siku ikafika. Tulikwenda Kavumu tukiwa tumevaa vizuri: Papa Anselme, Mushagalusa, mimi, Patient, na Byamungu katikati yetu. Na niwaambie ukweli, wenzangu, sijawahi kuona fasi inayofanana na mchoro wake namna ile. Njia ilikuwa ileile. Avoka zilikuwa zilezile. Tonton Cosmas alisimama mlangoni mahali tulipomweka, akadai kinywaji, na Mushagalusa alikitoa chini ya koti kabla sentensi haijaisha. Ndani, Tonton Dieudonné alikuwa amefumba macho kitini. Patient aliniinamia akaninong'oneza, "Maman, nitupe dadu?" Nikamkanyaga mguu.

Shangazi alileta msichana aliyefunikwa. Papa Anselme akamwangalia viatu, akasema yeye ni mzuri sana lakini sisi tulifuata mwingine, na chumba kikacheka. Wazee walianza kutazamana. "Hawa bantu wanatujua namna gani?" akauliza mmoja. Papa Birindwa mwenyewe alikuwa ameanza kutabasamu. Nilihesabu moyoni milango iliyobaki, nikaona hakuna. Nilifurahi mno, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria chakula.

Hapo pazia la nyuma likafunguka, Koko akatoka jikoni. Alikuwa mdogo wa mwili, mikono ina unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Hata Tonton Dieudonné akafumbua jicho moja. Hakukaa. Alimwangalia Byamungu, halafu akatuangalia sisi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Munaongea muzuri," akasema. "Nimesikia yote kule nyuma. Minataka kuuliza kitu moja tu. Siku huyu kijana atakosea mutoto yetu, mimi nitaita nani?"

Tulikuwa tumeandaa majibu ya kila mtu katika nyumba ile, na hatukuandaa la mama huyu. Nilimwona Byamungu ameinama anaangalia viatu vyake. Nilielewa kwamba hilo ndilo Papa Birindwa alilokuwa anauliza tangu mwanzo. Hakuhitaji watu wa kusema vizuri. Alihitaji watu wa kuitwa. Mtu akikosea nyumbani kwake, unawaita wazazi wake, wanakuja, wanamketisha chini. Byamungu hakuwa na wa kuitwa, na kila mtu mle chumbani alikuwa anasubiri kusikia tukisema hivyo.

Papa Anselme alisimama. Aliiacha sauti ya msemaji, akatumia ile ya atelier.

"Maman, utaniita mimi."

"Wewe ni nani yake?"

"Sikumuzaa. Minafahamu yeye tangu iko mutoto wa shule, tunakaa naye ku meza moja kila samedi. Akikosa, utaniita, na mimi nitakuya."

"Na wewe uko muzee. Ukikufa?"

Watu wengine wangekasirika. Papa Anselme alifikiri kidogo, akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujua nimesimama lini.

"Utaita mimi, Koko," nikasema. "Mimi ni Solange."

"Na wewe ukikosekana?"

"Mimi," akasema Mushagalusa kutoka kwenye kona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo. "Mushagalusa, menuisier. Nitakuya hata na mguu."

Koko akamgeukia Patient, ambaye alikuwa kijana tu na hakujua aweke wapi mikono. "Na wewe?"

"Na mimi, Koko. Lakini uanze na hao."

Hapo ndipo watu wakacheka, wa pande zote mbili. Koko hakucheka. Alifuta mikono kwenye pagne aliyojifunga kiunoni, akatoa simu ndogo iliyofungwa kwa mpira, akampa Nsimire, ambaye alikuwa ametokeza kutoka chumba cha pili na macho mekundu.

"Andika banumero yao humu," akamwambia.

Papa Anselme akataja namba yake. Nsimire akabonyeza, halafu akauliza, "Koko, niandike jina gani?"

"Andika: Baba ya Byamungu."

Byamungu alitoka nje. Nilimfuata baada ya muda kidogo, nikamkuta amesimama chini ya mti wa avoka, anapiga miayo ya uongo ili nisione uso wake. Tulisikia ndani Tonton Cosmas anaagiza bugali iletwe, na kwa mkono wangu nilimsukuma taratibu arudi kula.

Tangu siku hiyo, kama mlivyoona kwenye kanuni zetu mlizonikuta nazo, kila fasi lazima iwe na jiko, na jikoni lazima awemo mtu, na mtu huyo awe na swali. Wengi wenu mlidhani ni mazoea ya kizee. Sasa mnajua kisa chake.

Walioana, na wana watoto. Koko alipiga simu mara chache kuliko tulivyodhani, na kila alipopiga Papa Anselme alikwenda Kavumu na fimbo yake, akamketisha Byamungu chini, wakazungumza, akarudi na avoka mfukoni. Papa Anselme alipofariki mwaka jana, Byamungu ndiye aliyesimama mbele ya jeneza mahali pa mtoto wa kiume, na hakuna aliyemuuliza anasimama hapo kama nani.

Nami sasa nimepumzika. Mlinipa sherehe, mlinipa kiti cha plastiki chenye jina langu, na nilikuwa nimekaa juu yake wiki iliyopita, nachambua maharage, simu ilipolia.

"Allo, Mama ya Byamungu?"

"Ndiyo, Koko."

"Kuya. Mutoto yako amekosa. Amejibu Nsimire bibi yake vibaya mbele ya bageni, na hataki kusema pardon."

Niliacha maharage, nikavaa viatu vya mvua, nikachukua barabara ya Kavumu. Nilimkuta ameketi uwanjani, mwanaume mzima mwenye mvi za kwanza, kichwa chini, ananingoja. Niliketi kando yake mpaka akainua uso.

"Haya," nikamwambia, "simama, mwanangu. Tunaingia pamoja."